Kufuli la Siku Tisa

Kwenye treni ya asubuhi, mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia abiria wa kando yake, fundi wa kompyuta, kwamba yeye na mdogo wake walitumia miaka mitatu kutengeneza mchezo wa video unaomhusu mfinyanzi kipofu. "Tuliutia kufuli watu wasiunakili. Likadumu siku tisa tu."

Fundi alikohoa. "Dada, nisamehe. Aliyelivunja ni mimi." Hapo nikaacha kujifanya nasoma gazeti.

"Wewe?"

"Mimi. Nimevunja makufuli mengi, sijaona kazi safi kama ile. Wala halikuwa kazi bure: siku hizo tisa rafiki zangu walichoka kunisubiri nilivunje, wakanunua."

"Na hao walionunua ndio walioumia. Mtandao ukikatika, kufuli linagoma kuufungua mchezo. Toleo la pili tunaliacha wazi."

"Wazi kabisa? Mtaibiwa mchana kweupe!"

"Wewe utaiba?"

Fundi alikuna kichwa, akacheka. "Nyinyi sasa mmenikomesha. Lakini kufuli lile, dada, usilitupe."

Treni ikasimama. Wakateremka wakiendelea kubishana, fundi amembebea begi, akimwuliza kufuli lile walilitengenezaje.