Mbegu za Jikama

Katika basi la kwenda Guilin, Suyun alikuwa na mfuko wa mbegu za mginko, mti unaokawia miaka mingi kuzaa, kutoka kijijini kwao milimani. Jirani yake kitini, Bibi Tang wa bondeni, alikuwa amepakata kikapu cha jikama, vile viazi vyeupe vinavyoliwa vibichi.

"Mti wenu mvivu huo," Bibi Tang akamchokoza. "Babu apande, mjukuu ndiye ale! Jikama naipanda mvua zikianza, na kabla ya baridi nishaila."

"Lakini mginko haumsumbui mtu, bibi. Nyie mnashinda shambani mkikata maua."

"Usipoyakata, kiazi kinakonda."

Suyun akacheka. "Kweli! Mwaka huu nilijaribu kupanda, nikayaacha. Viazi vikawa kama vidole, ila mbegu zimejaa kama maharage. Leo nimemwachia mama mkwe achemshe."

"Achemshe nini?"

"Mbegu. Kwetu mti unaliwa mbegu, bibi."

Bibi Tang akakiweka kikapu chini. "Mwanangu, jikama huliwa kiazi tu. Mbegu zake ni sumu. Sisi tunaulia wadudu."

Waliojifanya wamelala wakafumbua macho. Suyun akapiga simu nyumbani, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Huyo mama hula saa ngapi?" Bibi Tang akauliza.

"Akisikia njaa tu."

Basi likasimama kituoni, watu wakaanza kushuka, na Suyun hakuinuka. Mara simu ikapokelewa.

"Mama! Zile mbegu..."

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama mkwe akasema, "nimeze."