Bei za Bure

Kwenye tramu jijini Sofia, kijana mmoja alimwambia mzee aliyeketi kando yake kwamba ameuza gari la baba yake ili acheze soko la hisa. Akamwonyesha simu. "Bei zote naziona bure, babu."

Mzee akacheka. "Za bure huchelewa dakika kumi na tano, mjukuu wangu. Unakimbiza tramu iliyokwisha ondoka! Lipia za papo hapo, za soko moja tu. Ni kahawa mbili kwa mwezi."

"Nikipata faida ya kwanza, nitalipia."

Niliwasikia kutoka kiti cha nyuma yao. Mume wangu Lyubomir alisema hivyohivyo mpaka nyumba ikaenda, na kahawa alikunywa tatu kwa siku. Mkononi nilishika tangazo la arobaini ya kifo chake, lenye picha, la kubandika kituoni kama ilivyo desturi yetu.

Tramu iliposimama, kijana alikuwa ameshabonyeza "nunua".