Kiini cha Mlango wa Kijani

Benchi lenyewe liko kati ya duka la donati na duka la kufulia nguo, upande wa mashariki wa Indianapolis, na Jumamosi asubuhi ukiwaona wale watu watatu wameinamia meza usidhani wanacheza karata, wanachokonoa makufuli. Si wezi. Wengine huvua samaki, hawa huchokonoa makufuli, basi, na aliyeshindwa ndiye anayekwenda kujaza kahawa. Kuna Shemasi, mzee aliyezunguka na kapu la sadaka kanisani miaka mingi na mpaka leo hata bei ya donati anaitaja kama anahubiri. Kuna Bi Kishindo, dereva mstaafu wa basi la shule, akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara. Na kuna Turbo, fundi matairi, ambaye mdomo wake hutangulia na akili ikafuata ikipata nafasi. Brielle alikuwa akiwaona kila wiki kupitia kioo cha duka la kufulia, mwanawe Nettie kiunoni, anapita bila kusalimia, maana siku hizi aliogopa hata pazia likitikisika. Jumamosi ile alitoka na kapu la nguo bado zinachuruzika, akasimama mbele yao, na maneno yakamtoka kwa mkupuo.

— Samahanini, nyie mnafungua vitasa, si ndiyo, basi naomba mje mkanitolee changu, pale juu, mlango ule wa kijani, mwenye nyumba ana ufunguo wake na anaingia tu, jana kaingia namwogesha mtoto, eti anaangalia bomba, bomba gani, mimi nina taulo tu hapa, usiku naegemeza kabati mlangoni, kabati lenyewe bovu...

— Pumua, mwanangu, — alisema Bi Kishindo. — Strunk huyo?

— Ndiye. Bwana Strunk.

Shemasi aliweka chini kichokonoo chake, akafuta vidole kwa kitambaa.

— Binti, hapa tuna miiko miwili. Kufuli lisilo lako, huligusi. Kufuli lililo kazini, yaani linalofunga mlango wa mtu, huligusi. Hilo lako limeangukia kwenye yote miwili.

— Shemasi! Mtu anavamiwa nyumbani kwake!

— Nimesikia, Kishindo. Lakini siku tukigusa mlango wa mtu, kesho yake mji mzima unatuita wezi.

Turbo akagonga meza.

— Dawa ni gundi! Mwagia gundi ya matairi kwenye tundu la ufunguo. Strunk haingii ng'o.

— Na mimi nitaingilia wapi?

— Dirishani.

— Ni ghorofani, kaka.

— Ngazi ipo, ya bro wangu.

— Ngazi ipi, ile iliyofungiwa ghalani? — Bi Kishindo aliangua kicheko. — Mwulize, mwanangu! Alipanga upya pini za kiini cha kitasa cha ghala la kaka yake, kazi safi, akakipachika mlangoni, halafu ndipo akakumbuka kwamba hajachonga ufunguo wa kutolea, ule unaochomoa kiini kizima. Kiini kimo humo, hakitoki mpaka kiama.

— Nilikuwa na njaa siku ile.

— Tatizo si kitasa, — alisema Shemasi, amenyoosha kidole juu. — Tatizo ni bawaba. Ng'oa bawaba, mlango unageuka ukuta. Nani ana ufunguo wa ukuta?

— We mzee, na yeye apite wapi? — aliuliza Turbo.

— Nimesema nimeanza kufikiri, sijasema nimemaliza.

— Nyote hamjui kitu, — alisema Bi Kishindo. — Weka bata bukini. Babu yangu alilinda mahindi yake na bukini mmoja tu. Mbwa ukimpa soseji anakusahau. Bukini hasahau, hahongeki, na anang'ata pabaya.

— Ghorofani, Bi Kishindo?

— Anajisaidia kwenye beseni. Wanafundishika.

— Basi bora bukini wawili, — alidakia Turbo, — mmoja wa zamu ya mchana...

Brielle hakucheka. Nettie alikuwa amemshika nywele, anazivuta, na yeye alikuwa anauangalia ule mlango wa kijani pale juu ya ngazi za nje, unaonekana kabisa kutoka benchini, na woga wa wiki nzima ulikuwa unageuka hasira taratibu.

— Nawauliza kitu kimoja tu, — alisema. — Mlango ni wa nani? Wa aliyeununua, au wa anayelala nyuma yake?

Shemasi alimsogezea kiti aketi.

Ndipo macho ya Brielle yakaangukia ndoo iliyokuwa chini ya meza, imejaa viini vya vitasa, vile vya umbo la namba nane ambavyo huchomolewa vizima mlangoni na kupachikwa vingine. Akaokota kimoja. Usoni kilikuwa na muhuri wa bundi.

— Hivi mmevitoa wapi?

— Shule ya Brackett ilipofungwa, wakauza kila kitu, — alisema Turbo. — Ndoo hii na ufunguo wa kutolea, unaochomoa viini vyote vya shule, huu hapa shingoni kwangu.

— Kitasa changu kina bundi huyu huyu. Na mlango wangu una kibao kimekwanguliwa, ukikaza macho unasoma Chumba cha Muziki.

Wakatazamana. Bahili Strunk alikuwa amenunua milango ya shule na viini vyake ndani, funguo zake zikiwemo, wala hakubadilisha hata pini moja.

— Basi huo wa shingoni kwako unatoa changu, — alisema Brielle. — Nipe.

— Miiko, binti... — alianza Shemasi.

— Miiko ni yenu, baba. Mimi si mwanachama.

Bi Kishindo alivuta pumzi ndefu, akaisukumia ndoo nzima kifuani kwa Brielle.

— Chagua kimoja. Nakupa. Sasa ni chako, na hakiko kazini. Shemasi, una neno?

Shemasi alifikiri. — Hapo... sina neno.

Wakamfundisha pale pale, wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Brielle akagonga pini za zamani zikatoka, akapanga mpya moja moja kwa koleo dogo, springi moja ikaruka ikaingia kwenye kahawa ya Shemasi naye akaivua kwa kijiko bila kulalamika. Shemasi akamchongea ufunguo wa kufungulia kwa kikatio chake cha mkono. Turbo ndiye aliyepiga kelele:

— Na wa kutolea! Usije ukawa mimi!

Akachongewa na huo. Kisha akamwacha Nettie mapajani mwa Bi Kishindo akapanda ngazi peke yake. Ufunguo wa shingoni kwa Turbo ukaingia, ukazunguka kidogo tu upande wa kulia, na kiini kikatoka kama jino la maziwa. Akapachika chake. Akaujaribu ufunguo wake mpya, mlango ukafunga, ukafunguka.

Aliporudi, alikiweka mezani kile kiini alichokichomoa.

— Hiki hakiko kazini. Chezeeni.

Turbo alikuwa ameshakinyakua pale gari la Bwana Strunk liliposimama. Mwenye nyumba akashuka na kishada chake cha funguo, hakutazama kushoto wala kulia, akapanda mpaka kwenye mlango wa kijani, akachomeka. Akachomoa. Akaupuliza ufunguo, akachomeka tena, akausukuma mlango kwa bega.

— Brielle! — aliita, alipomwona chini. — Ufunguo wangu hauingii!

— Umeingia, Bwana Strunk. Haugeuki tu. — Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa karibu kuifikia ya Bi Kishindo. — Ufunguo mpya nitakupa mbele ya hakimu ukitaka, nimweleze na ile habari ya bomba.

— Hii nyumba ni yangu! Naingiaje nyumbani kwangu?

— Kama watu wote. Piga hodi.

Watu wa duka la kufulia walikuwa wametoka nje. Strunk aliwaona, akawapa mgongo, na kwa kukosa la kufanya akainua ngumi na kuugonga mlango mara mbili.

Brielle alimpokea mwanawe, akavuta kiti, akamimina kahawa iliyobaki kwenye termosi.

— Nani? — aliuliza.