Sauti Aliyoifuta Masele

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za kutwa. Leo namkumbuka Masele, kijana wa Samuye, aliyekuwa akitengeneza podikasti ya wachimbaji wadogo kule Bulyanhulu. Masele ametutoka mwezi uliopita, kwa homa ya siku chache. Ameacha vipindi vingi. Sauti yake hakuiacha. Subirini niwaeleze.

Masele tuliyemjua aliongea taratibu, Kisukuma kimejaa mdomoni. Akisimulia jambo, anacheka yeye kwanza kabla hajalifikisha, nanyi mnacheka bila kujua mnacheka nini. Kipindi chake cha kwanza alikifanya hivyohivyo, amekaa na wachimbaji kando ya duara, lile shimo lao la dhahabu, wanakunywa uji. Kilikuwa kitamu, jamani. Basi mtu mmoja mtandaoni akaandika, "Huyu anatangaza au anaswaga ng'ombe?" Watu wakacheka. Masele akakifuta kipindi siku hiyohiyo. Mimi hilo linaniuma mpaka leo. Alikifuta.

Akajitafutia sauti nyingine. Nzito, ya haraka, kama ya matangazo ya sabuni. Dada yake, Vumilia, anasema alimuuliza kulikoni. Akamjibu, "Ya nyumbani nitaongea nyumbani. Hii ni kazi." Wafuasi waliongezeka, sikatai. Lakini nyumbani kwenyewe alifika kwa nadra, na simu ya mama yake ni kitochi, haitunzi sauti ya mtu.

Kwenye matanga, Mama Masele aliomba kitu kimoja tu: amsikie mwanawe. Vumilia akaweka simu yake mkekani, akafungua kipindi. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mgeni. Kikaisha kimoja, kikaja cha pili. Ndipo akauliza kwa upole, "Huyu baba anaongea vizuri. Atamwachia Masele saa ngapi, na yeye aongee?"

Vumilia anasema aliizima ile simu. Alitoka nje akalia.

Mama Masele, shikamoo, na pole sana mama yetu. Vumilia na ndugu wote wa Samuye, poleni, tunalia pamoja nanyi. Na wewe uliyeshika kinasa sauti huko uliko, unayeona haya kwa lafudhi ya kwenu, hebu lifikirie hili. Iko siku mtu wako atakuja kukutafuta humo. Akukute.