Hajati Zahara Aliuuliza Mkono Mzima Hali Yake

Leo, Jumamosi tarehe 28 Februari 2026, Hajati Zahara Mansur anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mitatu katika Kitengo cha Tiba ya Viungo cha hospitali yetu. Alipoanza, tarehe 1 Machi 1993, kitengo kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, kapi ya kamba na dirisha lisilofungika. Sasa kina vyumba vinne. Dirisha bado halifungiki.

Hajati ni mzaliwa wa Kasubi, mtaa wa jiji letu, katika familia ya wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili nyumbani, jambo la nadra huku kwetu. Kwa hiyo kila mgonjwa kutoka Kenya au Kongo alipelekwa kwake kwanza, hata kama kilichomuuma ni jino. Hakupenda uvivu. Mgonjwa aliyedai kuwa amefanya mazoezi nyumbani aliambiwa ayarudie mbele yake, na uongo ukajulikana kabla kiwiko hakijanyooka.

Lakini wengi wetu tutamkumbuka kwa kazi aliyoifanya na Dolphine, msusi kutoka Kisumu mwenye kiti chake katika saluni moja ya Kawempe. Mwaka 2022 Dolphine aliangushwa na bodaboda, neva za mkono wa kushoto zikang'oka shingoni. Mkono ukabaki unaning'inia. Machi 2023 Daktari Oloya alichukua neva moja ya upande wa kulia, uliokuwa mzima, akaiunganisha na upande wa kushoto. Alikuwa amemweleza kwamba mkono wa kulia ungekufa ganzi na kulegea kwa miezi kadhaa, kisha ungerudi. Dolphine alikubali kwa hofu, maana mkono huo ndio uliomlisha yeye na mama yake.

Baada ya upasuaji, sote tuliukodolea macho mkono wa kushoto. Tuliupima, tukaukanda, tukaupiga picha. Aliyegundua tatizo ni Hajati, tena kwa salamu tu. Katika mwezi wa pili tangu upasuaji, Dolphine alimnyooshea kifundo cha mkono wa kulia, kama anavyosalimia mtu mwenye vidole vya mchuzi. Vidole vyake vilikuwa vikavu na safi. Hajati alikishika kifundo, hakukiachia, akauliza vidole vina kosa gani.

Ndipo tulipojua. Dolphine aliamini kwamba akiutumia mkono wa kulia, atamaliza nguvu zilizotakiwa kwenda kushoto. Tangu alipotoka wodini alikuwa ameuweka mapajani, akilishwa na mama yake. Ganzi ilitokana na upasuaji, lakini sehemu kubwa ya udhaifu ilitokana na kukaa bure.

Hajati aliingia naye chumba cha wanawake, akavuta pazia, akavua ushungi. Sisi tuliokuwa nje tulisikia yote.

"Nisuke."

"Vidole havihisi nywele, Hajati."

"Basi tumia macho, na mimi nitakushikia nywele badala ya mkono wa kushoto. Na usinionee huruma, vuta! Kichwa hiki kimelea watoto watano."

"Mistari itakuwa kama barabara ya mtaani kwetu."

"Kwani mtaani kwenu watu hawapiti?"

Jioni ile Hajati alirudi nyumbani na mistari iliyopinda chini ya ushungi, na wiki iliyofuata akakaa tena kusukwa upya. Mistari iliendelea kunyooka. Kufikia Desemba ganzi ilibaki kwenye ncha ya kidole cha shahada tu, na nguvu za mkono wa kulia zilikuwa zimerudi. Mwaka uliofuata kiwiko cha kushoto kikaanza kukunjika. Vidole vya kushoto bado ni vizito, na huenda vikabaki hivyo, lakini mkono huo sasa unashikilia nywele za kuongezea huku wa kulia ukisuka.

Tangu wakati huo hakuna mgonjwa wa upasuaji wa aina hii anayepita kwetu bila kupimwa mikono yote miwili, kabla na baada, na kupewa kazi yake halisi aifanye. Ni utaratibu wa Hajati, na Taqwa, anayeshika nafasi yake, ameahidi kuulinda.

Tulimwalika Dolphine kwenye sherehe hii. Ameomba radhi: ni Jumamosi, wateja wamejaa saluni, hawezi kuuacha mkono ukae bure. Hajati aliposikia alifurahi kuliko alipoonyeshwa keki.

Hajati, tunakushukuru kwa yote. Mungu akujalie afya, nyumba yenye amani, na mapumziko marefu yenye heri.