Shikamoo Isiyoitikiwa

Miaka ile kabla ya daraja, feri ilipoondoka Kilifi, Sidi, muuguzi wa zahanati ya Jilore, alikuwa amelikumbatia sanduku la simu ya upepo, airudishe Mombasa. "Ina nini?" akauliza baharia mstaafu aliyekaa kando yake, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu.

"Imekufa, baba. Jana tuliijaribu na hospitali ya Malindi. Nikabonyeza kitufe, nikamwamkia daktari shikamoo, nikangoja marahaba. Kimya! Na kule nimemwacha mama mwenye mimba ya pacha."

"Ulingoja huku umebonyeza?"

"Ningeachiaje, baba? Mkubwa hajaitikia!"

"Angekuitikiaje, mwanangu? Ukibonyeza, wasema wewe tu. Ukiachia ndipo umsikie."

Feri ikagota ng'ambo, abiria wakalikimbilia basi la Mombasa. Sidi hakuinuka. Alikuwa akikitazama kidole gumba chake.