Nifutieni Umarehemu

Sikilizeni wanangu, na wewe Muasya kaa chini, maana ukisimama hapo mlangoni nitadhani umekuja kunipima jeneza. Daktari amenirudisha hapa Buruburu kwa maneno matamu, nami nimekodisha mahema ya matanga miaka thelathini na mmoja, maneno hayo nayajua: mtu akianza kuambiwa "pumzika tu, mzee," majirani huanza kuulizia bei ya viti. Basi asinikatize mtu. Pumzi nilizobakiwa nazo si za kujibizana.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sikutegemea kuishi mpaka nisome kifo changu mwenyewe. Mwezi uliopita, Muasya, wewe na ndugu yako Austine mlisema tovuti ya kazi yetu imezeeka, inataka kuoshwa uso, nami nikakubali, kwa sababu picha zile ni za wakati viti vyetu bado vina rangi. Mkamleta yule fundi wenu Owen na kompyuta yake, akafungua ukurasa wa Kuhusu Sisi, mkamwandikisha: "Mutie Mahema na Viti ilianzishwa na marehemu Mzee Mutie." Marehemu, nami niko chumba cha pili nakunywa uji. Nilipokuuliza ulinijibu nini? Rudia mbele ya dada yako. Haya, nitarudia mimi: "Baba, Owen hulipwa kila akija, tukaona tumalize yote mara moja." Mgonjwa haulizwi uji, ni kweli, lakini hakuna mhenga aliyesema asiulizwe kama amekufa.

Akina mama wa kanisa walisoma kwenye simu zao, wakaja na sukari, majani ya chai na wimbo, nikawafungulia mlango mwenyewe. Triza, mwenyekiti wao, aliketi hapo ngazini, akaniomba msamaha, kisha akaondoka na sukari yake. Hilo nililicheka mpaka mbavu zikauma. La Zakariye sikulicheka. Zakariye wa Majengo, ambaye tangu harusi yake mpaka harusi ya mjukuu wake hajakalia kiti cha mtu mwingine, Ijumaa iliyopita alikodi kwingine. Nilipompigia aliniuliza jina mara mbili kama mtu aliyepigiwa na jini, halafu akasema, "Mzee Mutie, ile namba mpya nimeipiga siku tatu. Nikasema basi, mwenye neno amekufa, na neno limezikwa naye." Namba mpya ni yako, Muasya. Ulitoa yangu ukaweka yako, na simu hushiki, kwa maana saa nne ya asubuhi bado umelala kama sultani wa viti ambavyo hukuvipanga.

Ukiona vyaelea vimeundwa, na ukiona hema limesimama jua kuna mtu aliyeinama kugonga vigingi. Nilianza na viti ishirini vya mbao na turubai moja, mama yenu Kanyiva akishona matundu kwa sindano ya gunia, na kuna mazishi ya Mathare ambapo mvua iling'oa kamba nikashikilia mlingoti kwa mikono yangu mpaka mhubiri akasema amina. Hayo hamkuyaandika. Mmeandika "huduma za kiwango cha juu." Nawe Austine ukabandika picha ya hema la taa za dhahabu ambalo hatuna wala hatujawahi kuligusa, bibi harusi akija kulidai, utamfunika kwa koti lako?

Sasa sikieni urithi. Mahema na viti mgawane sawa, watatu. Lakini tovuti, na jina lake, na paswadi, namwachia dada yenu Mwongeli peke yake. Mnaguna? Guneni. Mwaka juzi jina lile la tovuti lilipokaribia kutupotea kwa ada isiyolipwa, nyinyi mkigombania funguo za lori, aliyelihuisha ni huyu, huyu mliyemwambia ataolewa aende na kazi ya baba. Mwongeli, mama, wewe uliyepewa jina la aliyenizaa, tovuti si kaburi ukalijenga ukaliachia maua. Ni kibanda, hufunguliwa kila asubuhi. Rudisha namba yangu, simu yenyewe chukua wewe. Jipigie kila Jumatatu usikie kama inalia. Hema likitoboka, picha yake ishuke siku hiyo hiyo, na mtu akiuliza swali ajibiwe kabla chai yako haijapoa. Na ile picha ya mama yako na sindano yake, iliyomo tovutini, ibaki, hata Owen akisema imepitwa na wakati. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nipe maji kidogo. Sauti inakwenda. Fungua huo ukurasa... liko pale, lile neno "marehemu"? Lifute. Niinulie simu nione. Haya. Sasa Zakariye akisoma atajua niko.

Sogeeni, nyote. Baba yangu alitubariki kwa mate, nami niliyaweka ya watu watatu, lakini hasira yenu imenikausha kinywa... yamebaki ya mmoja. Nyoosha mikono, Mwongeli. Tfu. Mungu wa nyanya yako akutangulie, ugusacho kisimame. Nyinyi wawili, mkitaka baraka... mshikeni mkono dada yenu, upesi, kabla hayajakauka.

Na lile neno, mama... utaliandika wewe. Ngoja tu... nipoe kwanza.